Tanbihi, Ukurasa wa 114

Boila imegoma tena.
Naandika nimevaa koti, soksi mbili mbili,
mezani pa jikoni, Smethwick, saa kumi na moja alfajiri,
kabla Idrisa hajaamka kudai uji na kiatu cha pili.

Watu huniuliza, "Unaandika riwaya?"
Nikisema hapana, ni habari za mizani,
na mikono iliyoziunda mtaa wa nyuma,
wanasema "Aa," wanatazama chai yao.
Kwao kitabu kisicho na uongo ni wali bila chumvi.

Mwezi uliopita nilikwenda kongamano, Nottingham.
Nauli nilijilipia. Stakabadhi zimo ndani ya bahasha
niliyoiandika juu: *nitarudishiwa, inshallah.*
Kifuani wakanibandika jina: ROWENA.
Mimi ni Zuwena. Sikusema kitu.
Dakika kumi na tano, watu tisa,
na mmoja wao alikuwa fundi wa projekta.
Chumba cha pili alikuwapo bwana mwenye kitabu cha bundi;
foleni ya kusainiwa ilishuka hadi ngazini.
Bundi! Ndege ambaye nyanya yangu
akimsikia juu ya paa alifunga dirisha na kusoma dua.

Malipo yangu yalikuja mafungu matatu.
La kwanza lililipa deni, la pili likaliwa na paa,
la tatu lilikwisha kabla halijafika:
picha kumi na mbili za makumbusho, kila moja na bei yake.

Philippa, mhariri, aliandika pembeni kwa wino wa kijani:
"Wewe uko wapi humu?"
Alitaka machozi. Alitaka mama yangu na pishi yake
kaunta ya duka, Chake Chake, na mimi mdogo nikichungulia.
Nikamjibu: nimo kwenye tanbihi.
Nimo kwenye tarakimu ndogo
iliyong'ang'ania sikio la neno kama kupe.

Bwana Enoch Tranter alikuwa na miaka tisini na mmoja.
Hakukubali nirekodi mpaka amalize biskuti.
Alinionyesha ukingo wa chuma, mwembamba kama wembe,
ambao mizani nzima huegemea,
na akacheka alipokumbuka kijana mmoja
aliyepima tumbaku yake humo kila Ijumaa.
Alifariki Machi. Kitabu kilitoka Juni.

Julai akapiga simu binti yake, Glenys.
"Ukurasa wa mia moja na kumi na nne.
Umesema karakana ilikuwa kushoto mwa mfereji.
Ilikuwa kulia. Baba alikaa dirishani pale miaka arobaini na mitatu."
"Na mengine?" nikauliza.
"Mengine sijasoma. Nilitafuta jina lake tu."

Tulikwenda, mimi na Idrisa, chini ya manyunyu.
Maji ya kahawia, bata wawili, toroli la dukani limezama nusu.
Kushoto, ukielekea Wolverhampton.
Kulia, ukirudi.
Nilisimama na ramani yangu ikilowa
kama mtu aliyehesabu chenji mara tatu na bado imepungua.

Ndani ya basi vidole vikaanza vyenyewe
kuhesabu zile mizani nyingine, nane kwa nane,
kama baba alivyonifunza:

*Nilipima kila jambo, kwa ratili na wakia,*
*Nikapanga na mapambo, vyanzo vikashuhudia,*
*Kumbe upande wa ng'ambo, macho hayakufikia,*
*Leo nachapwa kwa fimbo, ya mkono wa kulia.*

Kulia. Glenys hajui
kwamba kwetu neno hilo ni upande na ni machozi pia.
Philippa angefurahi. Sitamwambia.

Chapa ya pili huenda isiwepo:
nakala mia tatu na sita zimeuzwa,
arobaini zimerudi, kona zimepinda.
Fundi wa boila kaahidi kuja
kati ya saa mbili na saa saba.
Nimechukua nakala yangu mwenyewe, na penseli ya Idrisa,
nimekata *kushoto*, nimeandika juu yake neno moja.
Kengele inalia. Ngoja nikafungue.